Aliyekata Ukuta wa Ndiva

Kwetu milimani, juu ya Mhezi, ukitaka kuwagombanisha watu wanaokula pamoja kwa amani, mtaje tu yule mgawa maji wetu wa enzi za Mwingereza. Hutamaliza kumtaja. Mmoja atasema alitunyima chakula msimu mzima kwa woga wake. Mwingine atasema labda, pengine, nani ajuaye. Wa tatu atainuka aende zake. Huyo wa tatu nilikuwa mimi. Kwa kuinuka sikuwa na mpinzani toka Same mpaka Hedaru, na sababu yake nitaieleza humu humu, maana nimechoka kuinuka.

Kwa asiyeijua ndiva, ni bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilijenga begani mwa mlima. Usiku linakusanya maji ya chemchemi. Asubuhi kizibo kinazibuliwa, maji yanashuka mferejini, kila shamba linakunywa kwa zamu yake. Anayeshika kizibo ndiye mgawa maji. Serikali ilikuwa na bendera, pingu na motokaa. Yeye alikuwa na kizibo. Nani aliogopwa zaidi, waulizeni mahindi.

Alikuwa mrefu. Nikisema mrefu simaanishi mrefu wa kawaida; akichuchumaa kusikiliza maji yanavyotoka, magoti yalipita masikio, na kwa mbali ungedhani panzi amevaa koti. Sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba akikohoa kwenye ndiva, mbuzi wa kule mbali Chome waliacha kutafuna. Lakini hakupenda kuitumia. Zamu yako ya maji ikiisha hakukuambia imeisha. Alikuja akasimama kando ya shamba lako na jembe begani, akatazama mfereji, na wewe mwenyewe ukajikuta unaziba.

Watu walimwendea kwa mambo mengine pia, yasiyohusu maji. Alikuwa na namna yake ya kumsaidia mtu aliyekwama kati ya mambo mawili, na namna hiyo sijaiona kokote, hata katika vitabu nilivyosoma shule ya jioni, na nilivisoma vyote viwili. Ndiva yetu ilikuwa na kingo mbili za kutembelea, wa mashariki na wa magharibi. Ukimpelekea shida yako, alikupeleka ukingo wa mashariki, akakwambia utembee mpaka mwisho huku ukisema kwa sauti mazuri ya jambo lako, mazuri tupu. Kisha unavuka, unarudi kwa ukingo wa magharibi ukisema mabaya tupu. Yeye anakaa kwenye kizibo, anakutazama miguu.

Ukimaliza hakukuambia fanya au usifanye. Alikuuliza swali moja tu: "Umeona ulipopunguza mwendo?"

Basi. Unakwenda nyumbani na swali lako.

Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba maji hubeba sauti. Kuna bwana mmoja alitaka kwenda kukata mkonge huko tambarare, hajui aende au abaki. Akapandishwa ukingo wa mashariki. Akaanza: nitapata baiskeli, nitapata blanketi, nitaona treni. Akazidi kuchangamka: na tena nitapumzika na mdomo wa mama mkwe. Masikini, hakujua kwamba mama mkwe alikuwa chini ya ukuta anakata majani ya ng'ombe. Sauti ikapanda kutoka majanini, ya upole kabisa: "Nenda tu, baba. Hata mimi huku nitapumzika." Yule bwana alikimbia, na kwa jinsi alivyokimbia alifika mkonge kabla ya barua yake. Kwetu mtu na mkwe wake hawatupiani maneno hivyo. Mgawa Maji alicheka mpaka ikabidi ashikwe asitumbukie.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa uamuzi mwepesi kwake mwenyewe. Blanketi lake lilipotoboka alikaa misimu minne akitafakari kama anunue jingine au alishone lile, na misimu yote minne alikuwa akijifunika yale matundu. Aliweza kusimama njia panda hata mvua ikamkuta, anachagua apite kwa juu au kwa chini, na njia zote mbili zinafika kwake. Mkewe alisema ameolewa na mzani. Ila kwenye maji sikumwona akisita. Watu wawili wangeshikiana mapanga juu ya mfereji, yeye anafika, anatazama majani ya mahindi ya huyu na ya yule, ananyoosha kidole. Imekwisha.

Mimi nilikuwa kijana niliyeoa karibuni, nina cheti changu cha shule ya jioni kimekunjwa ndani ya kopo la chai, na nilijiona kama Gavana. Nikamletea karatasi. Nikaipiga mstari katikati, huku nikaandika "faida", huku "hasara". Nikamwambia, "Baba, watu wasichoshwe kuzunguka. Tuandike, tuhesabu, upande wenye mengi ndio unaoshinda."

Akaigeuza karatasi, akatazama na nyuma yake.

"Sasa, Karani," (ndivyo alivyoniita, nami wakati huo karani wa nani, sina hata kalamu yangu) "hii ikifika pazito inapunguza mwendo?"

"Karatasi haitembei, baba."

"Ndiyo nakuuliza."

Akanirudishia. Nilicheka na wenzangu jioni ile, nikasema mzee wa watu hajui hesabu.

Sasa niingie penyewe.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuja zikachungulia, zikarudi zilikotoka. Mahindi yalisimama kwa maji ya ndiva tu, na yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, wakati ambao yakikosa maji juma moja huna mahindi, una kuni. Na Jumbe wetu alikuwa amepata habari kwamba Bwana Shamba, Mzungu, atapanda Jumatatu kuyaona mashamba. Jumbe alitaka Mzungu akute kijani mlima mzima. Akaamuru ukuta wa ndiva uongezwe shubiri tatu kwa matope na majani, kizibo kifungwe tangu Jumatano, maji yakusanywe mengi mno, Jumapili alfajiri yamwagwe kwenye mashamba yote kwa pamoja. Mgawa Maji alisema ukuta ni wa babu, haujui habari za Bwana Shamba. Jumbe akasema amri ni amri. Tukauongeza. Nami nilibeba matope.

Wajue wasomaji pia kwamba sisi kwetu ni Wasabato. Ijumaa jua likizama jembe linalala, na hakuna mtu anayekwenda ndiva mpaka Sabato iishe. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ambayo maji yako juu kuliko siku zote, na ndiyo siku ambayo hakuna jicho linaloyatazama. Mababu waliojenga hawakuwa na Sabato, na wamisionari walioileta hawakuwa na ndiva. Hakuna aliyewakutanisha.

Jumamosi hiyo kijiji kizima kilikuwa kanisani. Mimi nilibaki kwa kuwa mke wangu alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, mtoto wa kike, na mama mtoto alikuwa na homa, hawezi kusimama bila kushikwa. Nyumba yetu na nyumba nyingine sita zilikuwa chini kabisa ya ukuta. Nilitoka na kibuyu kuchota maji, na pale mguuni pa ukuta, mahali pakavu siku zote, nikaona mchirizi unene wa kidole.

Mchirizi wenyewe si kitu. Kila ndiva inatoka jasho. Lakini jasho la ndiva ni jeupe, na huu ulikuwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyopitiliza. Maji yakitoka na udongo, maana yake yanakula ndani.

Nilikimbia. Sitii chumvi nikisema njiani niliwapita ndege. Nikaingia kanisani katikati ya wimbo, nikamshika Mgawa Maji mkono, na nilivyomshika hakuuliza. Jumbe aliyekuwa benchi la mbele akatufuata, na jirani yangu mmoja, mchimbaji hodari, akatoka nyuma yetu, akapitia jembe kwake njiani. Tukawa wanne.

Tulipofika, kidole kilikuwa vidole vitatu.

Mgawa Maji alipiga goti, akaweka kiganja kwenye maji, akayasugua kwa kidole gumba. Tope. Juu ya vichwa vyetu ndiva imejaa mpaka mdomoni, tulivu, inang'aa, ndege wanakunywa pembeni.

Jirani yangu akasema, "Tuzibe. Nyasi na udongo wa mfinyanzi."

"Unaziba mlango wa kutokea," akasema Mgawa Maji. "Anayekula yuko ndani."

"Tuzibue kizibo basi."

"Kizibo kitamaliza maji haya kesho kutwa."

Ilibaki njia moja, na wote tuliijua, ila hakuna aliyetaka kuitaja. Ni kukata ukingo wa juu, upande wa korongo, maji yote yamwagike bondeni kusiko na shamba wala mtu. Yakipata mwanya hayachagui. Yatakwenda na ukingo mzima, na kuujenga ni kazi ya majuma. Mahindi hayangengoja majuma.

Jumbe aliisoma nia usoni mwa Mgawa Maji. "Hapana," akasema. "Mzee, hapana. Huo ukuta umesimama tangu babu yako hajaota meno. Jumatatu Bwana Shamba anakuja hapa, atakuta nini? Tope? Na watu watakula nini, hebu niambie. Nyumba saba unaziona. Mashamba arobaini huyaoni?"

"Nayaona."

"Na leo ni Sabato! Unataka kushika jembe Sabato?"

"Nayo naiona."

"Wahamishe watu wa hizi nyumba tu, yaishe."

Mgawa Maji akanigeukia. "Karani, mkeo anatembea?"

"Hatembei, baba."

"Kumbeba yeye na wale vikongwe wawili wa nyumba ya mwisho, mpaka pale kwenye mwamba. Muda gani?"

"Saa nzima. Tukiwa wengi."

Akateremsha tena mkono kwenye mchirizi. Vidole vinne. Sikuwahi kumwona mtu akiangalia mkono wake namna ile. Nilitazama kingo mbili za ndiva, ule wa mashariki na ule wa magharibi, nikafikiri, sasa atapanda, ataanza kutembea. Hakupanda. Kutembea kwenyewe kungetosha kuudondosha ukuta. Mtu aliyengoja misimu minne kununua blanketi alikuwa amesimama pale na dakika zake chache, jasho linamtoka puani.

Akasema, polepole, kama anayejisomea, "Nikikata, na kumbe ukuta ulikuwa mzima, nimeua mahindi. Mahindi hupandwa tena." Akapangusa tope kwenye koti. "Nisipokata, na kumbe ni mbovu…" Akatazama paa la nyumba yangu. Moshi ulikuwa unatoka.

"Nipe jembe," akamwambia jirani yangu. "Na nyinyi mkawatoe watu hata hivyo."

Jumbe akamshika koti. "Ukikata, ujue umekata wewe. Mimi sipo."

"Haya. Hupo."

Niliposhuka mbio kumbeba mke wangu nilisikia jembe la kwanza. Halafu la pili. Halafu kishindo ambacho watu wa kanisani walidhani ni treni imepotea njia ikapanda mlima. Nilikuwa mlangoni, mke mgongoni, mtoto amefungwa kifuani, nikayaona maji yakienda korongoni na miti, na mawe, na udongo wa babu zetu, mekundu, makubwa, mengi, yanakwenda bure. Mke wangu akauliza, "Wanamwaga maji yetu?" Nikamvuta juu mgongoni, nikaelekea kwenye mwamba.

Mchirizi mguuni pa ukuta ukapungua. Jioni ukakauka. Ukuta ulisimama.

Hilo ndilo lililomponza. Ukuta ulisimama! Ungeanguka japo nusu, japo jiwe moja lingedondokea banda la kuku la mtu, wangembeba mabegani. Lakini ulisimama wima kama askari, na chini yake nyumba saba nzima, na pembeni mashamba arobaini yanageuka rangi. Bwana Shamba alipanda Jumatatu, akatazama, akaandika kitu, akashuka. Baada ya majuma matatu mahindi yakawa yanapiga kelele upepo ukipita, makavu kama karatasi. Tulikula mboga za porini. Tulikula migomba, si ndizi, migomba yenyewe. Nimekonda mimi siku zile mpaka kivuli changu kilikuwa hakinifuati, kinaona aibu. Huo ni utani, lakini maziwa ya mke wangu yalikauka, na huo si utani. Alimkuta Mgawa Maji njiani, mwanamke niliyemwoa kwa adabu zake, akapita bila shikamoo. Kwetu hilo ni kofi. Hatua chache mbele akasema, asikie: "Kidole cha tope tu. Kidole!"

Yule mrefu akasimama kumpisha, akainamisha kichwa.

Sasa sikilizeni langu.

Kabla ya baraza la kumjadili, pembe ya msaragambo ilipulizwa, yaani kazi ya kijiji, tukajenge ukingo uliokatwa. Jumbe akatutuma mimi na jirani yangu tukaimarishe pale palipovuja. Jirani yangu akapiga sururu. Sururu ikaingia yote, chuma na mpini, ikapotea. Tukatazamana. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono. Ukaingia mpaka begani, na vidole havikugusa kitu. Ndani ya ukuta ule mlikuwa na pango. Udongo uliobaki upande wa juu haukuzidi shubiri moja. Ukuta ulikuwa ganda la yai, na juu ya yai hilo tulikuwa tumepandisha shubiri tatu za maji kwa ajili ya macho ya Mzungu.

Jumbe alikuja, akainama, akaona. Akainuka, akapangusa magoti. Kisha akasema, "Jazeni mawe."

Jirani yangu akasema, "Jumbe, hili baraza lilijue."

"Baraza likijua litauliza nani aliongeza ukuta. Nitasema mliongeza nyinyi. Si mlibeba matope?" Akanigeukia, kwa upole sasa. "Wewe, kijana, ile barua yako ya kuomba ukarani Same iko mezani kwangu. Nilikuwa niipige muhuri Ijumaa."

Tukajaza mawe. Jirani yangu alikuwa na deni la kodi kwa Jumbe huyo huyo, akafunga mdomo, na mwaka uliofuata homa ikamchukua nao umefungwa.

Mimi niliutembea ule ukuta. Kweli, nilikwenda peke yangu asubuhi, nikaanza ukingo wa mashariki, nikaufanya wa kusema. Nilikuwa na jambo moja tu la kutaja: kwamba ni kweli. Nilipolitamka miguu iligoma. Nikavuka kwenye ule wa magharibi, wa kunyamaza, na huko nilikuwa na mambo saba: mke mgonjwa, mtoto, njaa, barua, Jumbe, lile tope nililobeba, na kwamba mahindi yameshakauka hata nikisema. Saba hayo niliyapita mbio, kama nateleza. Nikahesabu. Saba kwa moja. Nikaona msomi nimepata jibu.

Kwenye baraza walimvua kizibo. Aliulizwa kama ana la kusema. Akasema, "Niliona tope." Wakamwuliza, tope kiasi gani? Akaonyesha vidole vinne. Watu wakacheka, kicheko cha watu wenye njaa, hakina meno. Akatuangalia mmoja mmoja, na macho yalipofika kwangu nikainuka, nikaenda zangu.

Miaka minane ikapita. Mimi karani Same, nina kalamu ya wino na viatu vinavyolia. Yeye, nilisikia, aliteremka tambarare baada ya mkewe kufa. Siku moja ofisi ilinituma Hedaru na makaratasi, nikamchukua binti yangu atembee, yule yule wa siku nne, sasa ana miaka minane na maswali elfu themanini. Tukapita sokoni, vumbi, malori, wachuuzi. Kando ya duka moja mtu mrefu ameketi chini, magoti yamepita masikio, anashona magunia kwa shazia.

Ningeweza kupita. Viatu vikalia.

"Shikamoo, baba."

Akainua macho. "Marahaba, Karani."

Binti yangu akapiga goti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alimtazama muda mrefu. "Huyu ndiye yule wa siku nne?"

"Ndiye."

"Amekuwa mkubwa." Akavuta uzi. "Huko juu mnavuna?"

"Wanavuna, baba."

"Nami huku nashona. Nikishona kichwa kinarudi kule. Siku nyingine naukata ukuta. Siku nyingine siukati, nakaa, natazama kama utaanguka. Hauanguki. Nimeutazama miaka minane, Karani, hauanguki. Nadhani wale watu walikuwa na haki ya kucheka."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kumwambia habari za ofisi, na jinsi Bwana Mkubwa hawezi kukohoa bila mimi kuandika. Yakatoka mengine.

"Baba, ule ukuta ulikuwa na pango."

Shazia ikasimama.

"Wapi?"

"Ndani. Pale pale mguuni. Tulilikuta kwenye msaragambo, mimi na marehemu jirani yangu."

"Kubwa?" Kisha akakunja uso. "Na useme vizuri. Wewe nakujua, kwako panya ni ng'ombe."

"Mkono wangu uliingia mpaka hapa." Nikashika bega. "Sikufika mwisho."

"Udongo wa juu yake?"

"Shubiri moja."

Aliweka gunia chini. Alinyoosha miguu yake yote miwili mbele vumbini, mirefu, kama mtu aliyefika kutoka safarini. Binti yangu akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza kitu.

"Mbona hukusema?"

Nikaanza. Mke alikuwa mgonjwa, mtoto mchanga, njaa, Jumbe naye…

"Usinipe zote. Nipe moja."

"Nilitaka kazi."

"Enhe." Akatikisa kichwa. "Hiyo naielewa." Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumwomba. Baadaye akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Jumbe."

"Mkeo?"

"Hapana, baba."

Hapo ndipo sauti ile ya zamani ilipotoka, mpaka mchuuzi wa vitunguu akageuka. "Miaka minane? Alikuwa amelala chini ya ukuta ule, na hajui?"

Nikasema nitapanda mlimani, nitaitisha baraza, nitasimama mbele ya kijiji, nitaandika hata barua kwa mkuu wa wilaya. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Kijiji kitangoja. Anza na yeye." Akalichukua gunia lake.

Tulifika Same jua linazama. Mke wangu alikuwa anapeta mchele mlangoni. Nilimwambia nimesimama, viatu miguuni, kabla ya maji ya kunywa: pango, mkono, bega, shubiri moja, muhuri wa Jumbe, na yule mrefu anayeshona magunia Hedaru. Sikuongeza hata chembe. Alikuwa ameacha kupeta nilipofika kwenye bega. Alimvuta binti yetu karibu, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakaa naye hivyo. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

Akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anafungua sanduku lake. Alitoka na kanga ya kutokea, ile mpya, ameikunja juu ya mkono.

"Lori la kwanza la Hedaru," akaniuliza, "linaondoka saa ngapi?"